Nani Hulifumbua Fumbo la Ramli?



Katika nchi ya Wasukuma, tangu Didia na Tinde hata Kahama, na kutoka huko hata machimbo ya dhahabu ya Geita, mtu apatwapo na msiba husikia upesi shauri moja: nenda ukatazamiwe. Ng'ombe wamekufa, au mtoto ana homa isiyokoma, au shimo la dhahabu limechimbwa miezi mitatu wala halikutoa kitu. Basi mtu huchukua kifaranga cha kuku nyumbani kwake na kumpelekea mfumu. Kifaranga hupasuliwa, na mfumu huyatazama mabawa, mifupa na matumbo yake, kisha husema. Watu wa pwani walizoea bao la mchanga, na neno ramli lenyewe latoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya mchanga. Wazungu wana karata za tarot, zilizoanza Italia katika karne ya 15 kuwa mchezo tu, na ambazo katika karne ya 18 huko Ufaransa zilianza kuenea katika kazi ya kubashiria. Vyombo ni mbalimbali, lakini kazi ni moja.

Leo twapenda kusema juu ya sehemu moja tu ya kazi hiyo, ambayo kwa maoni yetu ndiyo yenye sumu kuliko zote, nayo ni yale maneno ya ramli yasiyoeleweka.

Mara nyingi mpiga ramli hataji jina la mtu. Husema: "Adui yako si wa mbali." Husema tena: "Namwona mtu mzima, mnakula naye chungu kimoja, na macho yake si mema." Mteja hulipa, hutoka, na hakuelewa vizuri. Basi njiani, akiisukuma baiskeli yake mchangani, huyageuza maneno yale moyoni. Ni nani huyo? Mara humkumbuka shangazi yake mjane aliyekataa kuligawa shamba. Au humkumbuka jirani waliyegombana naye juu ya malisho. Afikapo nyumbani, ramli imekwisha kueleweka, tena yeye huona kwamba imeeleweka kabisa.

Lakini tuangalie vema jambo hili. Jina lile halikutoka katika matumbo ya kifaranga, wala mfumu hakulitamka. Limetoka moyoni mwa mteja mwenyewe, katika kinyongo alichokuwa nacho kabla hajaondoka nyumbani. Mfumu alimpa chungu kitupu, naye amekijaza maji ya kisima chake. Na kwa kuwa jina limekuja polepole, baada ya kufikiri sana, yeye hudhani kwamba amefunuliwa siri.

Jambo hili ni la zamani. Wayunani walisimulia habari ya Croesus, mfalme tajiri wa Lydia, aliyetuma watu Delphi kuuliza kama apigane na Waajemi. Akajibiwa kwamba akifanya vita ataangamiza ufalme mkubwa. Yeye alikuwa na tamaa ya ushindi, basi akayasikia maneno yale kwa sikio la tamaa, akaenda vitani. Yapata mwaka 546 kabla ya Kristu alishindwa na Koreshi, yule yule aliyewaruhusu Wayahudi kurudi Yerusalemu. Ufalme mkubwa uliangamia kweli, nao ulikuwa wake mwenyewe. Maneno ya namna hiyo hayawezi kushindwa kamwe, kwa sababu likitokea hili yatasemwa kuwa kweli, na likitokea lile vilevile.

Mtu atauliza: "Mbona basi mara nyingine ramli husema kweli?" Twajibu: ni mji gani wa Usukuma usio na mzee? Ni ukoo gani usio na ugomvi wa shamba, au wa mahari, au wa ng'ombe? Maneno yanayomfaa kila mtu lazima yakufae na wewe. Tena siku ile ramli ilipolingana na mambo tuliisimulia kilabuni na kisimani, bali siku zile nyingi ilipokosa hatukumwambia mtu.

Laiti madhara yake yangekuwa ni fedha tu na kifaranga! Serikali ilipochunguza mauaji yatokanayo na imani za uchawi, ilionekana kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa katika Tanzania Bara, na wengi wao walikuwa wa nchi ya Wasukuma. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Vikongwe walihukumiwa kwa ajili ya macho mekundu. Na macho yale yalitiwa wekundu na nini? Yalitiwa na moshi! Shinyanga ilikatwa miti mingi mno, wengine wakiwaua mbung'o, wengine wakipanua mashamba ya pamba, hata mwaka 1986 ikabidi uanzishwe mpango wa HASHI ili kuirudisha misitu. Mama asiye na kuni hupikia samadi kavu ya ng'ombe. Bibi aliyewapikia watoto na wajukuu kwa miaka 50 katika moshi ule, akaharibika macho kwa kuwalisha, ndiye aliyeonyeshwa kidole kwamba anawala.

Kisha kuanzia mwaka 2007 tuliona aibu nyingine, ndugu zetu wenye ualbino wakiwindwa, hasa Shinyanga, Mwanza na Geita, kwa sababu watu waliahidiwa utajiri na dhahabu kwa viungo vyao. Mwezi wa Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumwua mtoto mmoja wa Bukombe mwenye ualbino. Mwezi wa Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, na waganga zaidi ya 200 wakakamatwa. Serikali ilifanya wajibu wake. Lakini askari hawezi kuingia katika moyo wa mtu aliye njiani akitafuta jina la kulitia katika fumbo. Mlango huo huingiwa na dhamiri peke yake.

Maandiko Matakatifu yaijua kazi hii. Nabii Ezekieli, katika sura ya 21, amwonyesha mfalme wa Babeli amesimama penye njia panda, akitikisa mishale na kutazama ini la mnyama, ili ajue mji gani aupige kwanza. Tazameni ya kwamba alikuwa amekwisha kukusudia kupiga, naye aliuliza tu ampige nani. Mitume nao walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakamwuliza Bwana wetu ni nani aliyetenda dhambi, yeye ama wazazi wake. Yesu hakuwapa jina. Alilikataa swali lenyewe, akatema mate chini, akafanya tope, akamtuma yule mtu aende akanawe, naye akarudi anaona. Walimletea swali la kutafuta mkosaji, naye alijibu kwa tendo la kuponya.

Je, Mungu naye hasemi maneno ya fumbo? Husema. Mama Bikira Maria hakuyaelewa maneno ya Mwanawe walipomkuta hekaluni, lakini aliyaweka moyoni na kungoja. Hapo ndipo pa kupambanua. Neno la Mungu likiwa gumu kwako, litakudai wewe kitu: uvumilivu, toba, msamaha, kazi. Fumbo la ramli hudai kitu kwa mwingine, nacho mara nyingi ni heshima yake, shamba lake, hata uhai wake.

Basi ninyi baba na mama wa jamaa za Kikristo, tuwaombe mambo matatu. La kwanza, ugonjwa upelekwe zahanati au hospitali mapema. Hatuwashutumu wanaojua mizizi na majani yaponyayo, maana hayo ni viumbe vya Mungu, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 yawatambua. Anayekupa dawa ya tumbo ni mbali na anayekupa adui. La pili, mkiwa na msiba, mwiteni padre au katekista, na Jumuiya Ndogo Ndogo ije kusali nyumbani kabla uvumi haujatangulia. La tatu, na hili ndilo gumu, likikujia jina la mtu moyoni wakati wa uchungu, usilipeleke kwa wanaume wenzako kilabuni. Lipeleke katika kitubio, kisha nenda kwa mwenye jina hilo mchana kweupe, umwamkie kama ipasavyo mzee kuamkiwa, umpelekee kuni.

Akikuitikia salamu, nawe ukayatazama macho yake kwa karibu, utajua ni moshi.

Ee Maria, Kikao cha Hekima, utuombee.