Mkate Kabla ya Mahubiri

Mdororo mkuu wa uchumi ulipoanza mwaka 1929, kiwanda cha nguo cha Marienthal, kijiji cha Austria kisicho mbali na Vienna, kilifungwa, na nyumba nyingi kijijini zikakosa mshahara. Watafiti wakiwamo Marie Jahoda na Paul Lazarsfeld walikwenda kuchunguza maisha ya watu hao. Mwaka 1933 walichapisha kitabu kinachosomwa mpaka leo.

Walipima hata mwendo wa watu barabarani. Wanaume, ambao sasa hawakuwa na pa kuwahi, walijikokota na kusimama kila mara. Wengi hawakubeba tena saa. Maktaba ilikuwa imeacha kutoza ada, na muda wa kusoma ulikuwa tele, lakini vitabu vilivyoazimwa vilipungua kwa karibu nusu. Wanawake walipita wakiharakisha, maana kupika na kufua hakukufungwa pamoja na kiwanda. Umaskini wao ulikuwa mmoja, ila siku ya mwanamke ilikuwa bado na asubuhi na jioni.

Basi mtu akilegea hivyo kwa kukosa kazi, je, imani yake ndiyo iliyopungua?

Wengi katika nyumba za ibada hujibu ndiyo, hata kama hawasemi wazi. Aliyepunguzwa kazini huambiwa asubiri, aombe zaidi, achunguze dhambi zake. Wako wanaoaga kila asubuhi, shati limepigwa pasi, wakashinde kwenye benchi la bustani mpaka jioni ili watoto wasijue. Mkono mtupu haulambwi, na aliyekulia ndani ya msemo huo hujihukumu mapema kuliko jirani yeyote. Kumwongezea hukumu ya dini ni kumkanyaga aliyekwisha kuanguka.

Tena ni hukumu isiyo na msingi katika vitabu vyenyewe. Ayubu alipofilisika na kufiwa, rafiki zake watatu waliketi naye chini siku 7, usiku na mchana, bila kusema neno. Hapo walifanya vyema. Walikosea walipofungua midomo na kumtafutia kosa, na mwishoni hasira ya Mungu iliwaangukia wao. Katika Qurani, Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na bado ni mfano wa subira njema. Huzuni na subira zilikaa katika kifua kimoja.

Lakini kisa chenye uzito zaidi ni cha Eliya. Nabii huyu alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Malaika hakumkemea. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Eliya akala, akalala tena, na malaika akarudi mara ya pili na chakula. Swali la Mungu, kwamba anafanya nini pale, lilikuja baadaye, alipokuwa amekwisha kula, kupumzika na kusafiri safari ndefu.

Kwa aliyefikia kutamani kufa kama Eliya, hata sheria ilikuwa upande wa rafiki za Ayubu. Nchini Kenya, aliyejaribu kujiua alihesabiwa mhalifu mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Sasa aliyefika ukingoni anaweza kupelekwa hospitali bila familia kuogopa polisi.

Jumuiya za waumini nazo zina la kufanya, na si mawaidha tu. Marienthal inaonyesha kwamba mshahara ukikatika, mtu hupoteza pia ratiba, wenzake na sababu ya kuamka. Kwa hiyo asipewe unga peke yake. Apewe na kazi ya kufanya: kufundisha watoto wa madrasa, kutunza hesabu za kanisa, kutembelea wagonjwa. Na unga wenyewe usicheleweshwe. Zaka ya Kiislamu ina mafungu 8 ya wanaostahili kupewa, na wenye madeni wamo. Kamati ya msikiti inayojua nani amesimamishwa kazi mwezi huu haina haja ya kungoja aje kuomba.