Mnyama wa Msamaria

Kila mkristu anajua habari ya Msamaria katika Injili ya Mtakatifu Luka. Tukiifundisha twataja huruma yake, nasi twasahau vyombo vyake: mafuta, divai, na mnyama wa kupanda. Hivyo ndivyo vilikuwa vyombo vya uganga siku zile, na yule mnyama ndiye aliyekuwa motokari ya wagonjwa.

Leo vyombo vimegeuka. Mwezi wa Desemba 2021, katika mji wa Trollhättan huko Uswidi, mzee wa miaka 71 alikuwa akiondoa theluji nyumbani kwake. Moyo wake ukasimama, akaanguka. Habari ikapelekwa kwa telefone. Ndege ndogo isiyo na rubani ikaruka, na kwa muda wa dakika tatu na kidogo ikaleta mashini ya kuushtua moyo kwa umeme, gari la hospitali lingali njiani. Mzee akapona. Waganga husema kwamba moyo ukisimama pasipo msaada, kila dakika hupunguza tumaini la kupona karibu sehemu moja katika kumi. Mashini ya namna hiyo, ambayo munganga Frank Pantridge wa Belfast aliitia katika gari mwaka wa 1965, ilikuwa na uzito wa kilo 70 hivi. Siku hizi mtu huibeba kwa mkono mmoja, nayo yenyewe humwambia kwa sauti afanye nini.

Wengine wakisikia hayo husema: «Basi mashini yafanya kazi ya upendo, sisi tumebakiwa na nini?» Hapo tuangalie vema. Ile ndege haikumgusa mzee. Iliteremsha sanduku tu. Aliyemkandamiza kifua ni munganga mmoja aliyekuwa akipita na gari lake kwenda kazini. Akaona mtu amelala chini, akasimama. Kama watu wote wangalipita, sanduku lingalikaa katika theluji.

Tena katika mji wa Stockholm, mwaka wa 2012 na 2013, walijaribu kuwaita kwa telefone watu wa kawaida waliokuwa karibu na mgonjwa, waliojifunza kazi hiyo. Pale walipoitwa, katika wagonjwa 100, watu 62 walikandamizwa kifua kabla ya gari kufika. Pasipo kuitwa, 48. Ndiyo kusema hata pale walipoitwa, 38 hawakupata mkono wa mtu.

Kwetu Kongo bado twabeba wagonjwa kwa tipoyi na pikipiki. Lakini telefone tunazo. Pikipiki ikianguka barabarani, watu kumi wanasimama, na wengi wao wanapiga picha. Wengine wanaogopa: «Nikimgusa, watasema ni mimi niliyemwangusha.» Hofu hiyo si ya bure. Tunamjua dereva aliyempeleka majeruhi hospitali, akazuiliwa siku mbili mpaka jamaa za mgonjwa waliposema kweli. Hatuwezi kumhukumu anayeogopa kama tunavyomhukumu asiyejali. Hata hivyo, mtu akiwa katika hatari ya kufa, deni la upendo linashinda hasara yetu. Na anayeogopa kumgusa aweza walau kuita wengine, wakawa mashahidi wake.

Zamani mtu aliweza kusema kwa haki: «Sikujua la kufanya, na munganga yuko mbali.» Mwenye telefone mfukoni atasemaje? Aweza kumwuliza muuguzi palepale: nimlaze namna gani, damu niizuieje? Udhuru wetu umekuwa mdogo, na dhamiri itatuuliza zaidi kuliko ilivyowauliza babu zetu. Wenye kufikiri kwamba mashini zitatupumzisha wamekosea hesabu.

Katika misioni yetu tulimwomba muuguzi wa dispanseri atuonyeshe kazi hiyo ya kifua juu ya gunia lililojazwa nguo. Walikuja watu saba, watano wao wamama. Mmoja alicheka, kisha akalikandamiza lile gunia mpaka jasho likamtoka. Muuguzi atarudi Jumapili, baada ya Misa ya pili.