Mnara wa Siloamu na Ufa wa Ardhi



Jumatano ile ya tarehe 12 Agosti 2020, yapata saa 2 usiku, wengi wetu hapa Jangwani na Kariakoo tuliona taa zikiyumba, tukasikia vikombe vikigongana kabatini. Waliokuwa ghorofani walishuka ngazi mbio, wengine na taulo kiunoni. Kitovu cha tetemeko kilikuwa baharini, kusini-mashariki ya mji, na nguvu zake zilikaribia 6. Hata hatujarudi ndani, mtu mmoja alikwisha kutangaza kwamba Mungu ameuchoka mji huu kwa dhambi zake. Watu wakaitikia Amina. Mimi nilinyamaza, na sababu nitaieleza.

Nimefundisha jiografia chuo cha ualimu miaka mingi. Nilizoea kushika mkate mbele ya wanachuo na kuuvuta pande mbili, waone jinsi unavyopasuka juu kabla haujakatika. Ndivyo Afrika yetu ya Mashariki inavyovutwa: upande wa bahari unaachana na upande wa bara, milimita chache tu kwa mwaka, polepole kuliko ukucha unavyokua. Miamba hustahimili miaka mingi, halafu ghafula huteleza penye ufa, na nchi hutikisika. Kwa njia hiyo tulipata Bonde la Ufa, na maziwa ya Tanganyika, Rukwa, Nyasa, Manyara na Natron. Kule Rukwa mwaka 1910 palitokea tetemeko lililozidi 7. Julai 2007 ardhi ya Natron ilitetemeka siku nyingi, na Septemba Ol Doinyo Lengai, ambao kwa Wamasai ni Mlima wa Mungu, ukarusha majivu juu sana.

Hayo nayajua vizuri. Lakini Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko liliipiga Bukoba. Watu zaidi ya 15 walikufa, na maelfu ya nyumba zikaharibika. Jirani yangu, mwenyeji wa Kagera, alipata simu kwamba mama yake mkubwa amefukiwa na ukuta. Alinijia barazani akauliza, "Mwalimu, sisi tumemkosea Mungu nini?" Nami nikachukua karatasi, nikamchorea miamba na mishale. Aliitazama, akasema, "Asante, Mwalimu," akaenda zake. Mchoro wangu ulikuwa sahihi, wala haukumfaa kitu.

Someni Luka 13. Watu walimletea Bwana habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye mwenyewe akaongeza habari za watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Akakana kabisa kwamba marehemu wale walikuwa wakosefu kuliko wengine. Basi yule mhubiri wa usiku wa tetemeko, na sisi tulionyamaza, tulisema au tuliacha lisemwe jambo ambalo Bwana alilikataa wazi. Kisha akawageukia walio hai, akawaambia watubu.

Watubu nini? Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka hapa Kariakoo, na watu wasiopungua 20 wakafa. Siku ile ardhi haikutetemeka. Ufa wa miamba hakuna mtu aliyeuchimba, lakini nguzo hujengwa na watu. Anayepunguza saruji, na anayepokea bahasha asikague, wote wanalo la kutubu kabla mnara haujaanguka. Nasi wenye nyumba za kupangisha tusijifanye hatusikii.

Kwangu mimi ilikuwa ile karatasi. Juzi baada ya Misa nilimwomba jirani yangu radhi. Alicheka kwanza. Kisha akaanza kunisimulia habari za mama yake mkubwa, alivyokuwa akipika, alivyokuwa mkali kwa watoto, na jinsi walivyomtoa kwenye kifusi. Tulikaa pale barazani mpaka adhana ya adhuhuri, nami sikusema neno.