Usimuulize Mama Alikosea Wapi

Fikiria wadi ya watoto mjini Kisumu. Mama kutoka Dunga ameketi kando ya kitanda, akishikilia mrija wa oksijeni usichomoke puani mwa mwanawe wa miezi mitatu. Kila mtoto anapovuta pumzi, ngozi inabonyea kati ya mbavu. Jamaa wanaingia kumjulia hali, na hata kabla ya kusali mmoja anauliza, "Kwani hukumfunika vizuri?"

Mara nyingi kinachomlaza mtoto mchanga namna hiyo ni virusi vya RSV. Karibu kila mtoto huvipata kabla ya kutimiza miaka 2. Wengi hutokwa na kamasi, hukohoa, kisha hupona. Kwa wachache, vijia vya hewa mapafuni huvimba na kujaa ute, hata kunyonya kukawa kazi. Mwaka 2019, inakadiriwa watoto zaidi ya 100,000 wa chini ya miaka 5 walifariki duniani kwa sababu yake.

Kwa nini huyu, na si dadake wanayelala naye kitanda kimoja? Kuzaliwa kabla ya wakati huchangia, na moshi wa jikoni pia. Lakini watafiti wa Denmark walipolinganisha mapacha, waliona kwamba wale wanaofanana kabisa huelekea zaidi kulazwa wote wawili kwa RSV kuliko wasiofanana. Jeni zina sehemu yake, ingawa si yote.

Je, sasa tuseme, "Damu ya upande wenu ni dhaifu"? Hasha. Huku ziwani tunaujua ugonjwa wa sikoseli. Jeni yake ikitoka kwa mzazi mmoja, humkinga mtoto na malaria kali. Ikitoka kwa wote wawili, humtesa. Hakuna mzazi anayechagua atakachomrithisha mwanawe. Yesu mwenyewe, alipoulizwa ni dhambi ya nani iliyofanya mtu azaliwe kipofu, hakumlaumu mtu yule wala wazazi wake.

Yuko mama unayembebesha lawama moyoni? Ama ni wewe unayejihukumu usiku, wote wakiwa wamelala?

Wiki hii mtembelee mama huyo. Nawa mikono kabla ya kumpakata mtoto. Ukiwa na mafua, msalimie kwa mbali. Mtoto akipumua mbio au akikataa titi, itisha boda, mfike hospitalini mapema. Na kama uliwahi kumwambia mama huyo neno lililomchoma, mwombe msamaha kwanza, ndipo mmwombee mtoto pamoja.