Kisa cha Ruta ya Antena Nne

Katika Mji wa Kale, Mombasa, yuko mzee aliyestaafu uwakala wa forodha, anayekaa na wanawe na wajukuu katika nyumba ya ghorofa tatu. Jina lake nalihifadhi, maana aliyoyafanya yeye yanafanywa na nusu ya mtaa. Faiba iliingizwa kwake kwa kifurushi cha 100 Mbps, na mafundi wakaiacha ruta sebuleni chini, nyuma ya kabati la vyombo, kwa sababu waya ulikuwa umefika hapo na wao walikuwa na haraka ya nyumba nyingine.

Sebuleni hakukuwa na malalamiko. Tatizo lilikuwa juu kabisa, kwa binti yake anayesomesha wanafunzi kwa video. Sauti ilikatika, uso ukaganda mdomo wazi, na wanafunzi wakajifunza zaidi kusubiri kuliko kusoma. Mzee akapiga simu kwenye kampuni ya intaneti, akashauriwa apande kifurushi. Akapanda hadi 250 Mbps. Bili ya mwisho wa mwezi ikaja nene, na uso wa binti ukaendelea kuganda.

Hadi hapo hakuna mtu aliyepima chochote. Nalisema hili mapema kwa sababu kila hasara iliyofuata ilitoka hapo. Kasi inayoingia nyumbani kwa faiba ni jambo moja, kasi inayofika mkononi kwa njia ya hewa ni jingine, na anayelalamikia ya pili akaongezewa ya kwanza amelipia asichokikosa.

Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene za kuzuia joto la pwani. Kuta hizo huzuia pia mawimbi ya redio, na waifai ni redio tu. Ongeza kabati la vyombo, kioo kikubwa cha ukutani na tangi la maji ngazini, na utaona kwamba binti yule alikuwa akitafutwa na ishara iliyokwisha kuchoka njiani.

Mzee hakuwaza kuta. Aliwaza kifaa, akaenda dukani. Humo akakuta sanduku lenye picha ya ruta ya antena nne na nambari 1200 kwa herufi za kuonekana toka barabarani.

“Hii ina 5G, mzee wangu,” muuzaji akamwambia. “Inapasua ukuta.”

Ile 5G ilikuwa masafa ya gigahezi 5, ambayo hayahusiani na mtandao wa simu wa kizazi cha tano. Tena masafa hayo ndiyo yanayoshindwa na ukuta upesi, kuliko yale ya zamani ya gigahezi 2.4. Haya ya zamani hufika mbali zaidi, lakini yamejaa watu: ruta za majirani wote, vifaa vya bluetooth, hata oveni ya maikrowevu inavujisha mawimbi humo humo, na njia zisizoingiliana ni tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11. Kwa hiyo kwenye kasi kuna ukuta, na penye kupenya ukuta kuna msongamano.

Na 1200 je? Ni jumla. Ruta ya aina hiyo inadai 300 kwenye masafa ya 2.4 na 867 kwenye masafa ya 5. Ukijumlisha unapata 1167, na watengenezaji wakaona afadhali waizungushe hadi 1200. Simu yako kwa kawaida hushika masafa mamoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo jumla hiyo haimfikii mtu yeyote. Hata ile 867 ni kasi ya mazungumzo baina ya redio mbili zikiwa karibu karibu. Data halisi inayopita mara nyingi ni kama nusu yake au zaidi kidogo. Antena nne nazo hazina ajabu: mbili za masafa haya, mbili za yale.

Akailipia, akaifunga mahali pale pale nyuma ya kabati. Juu hapakubadilika kitu.

Ndipo akaitwa mtoto wa nduguye, msichana aliyesomea kompyuta. Hakuitazama antena hata moja. Alichomeka kompyuta yake kwenye ruta kwa kebo, akazima waifai, akapima. Ikatoka 94. Akapima tena: 94. Mara ya tatu: 94 na nukta.

“Ami, umesema unalipia ngapi?”

“Mia mbili na hamsini, mwanangu.”

Akaipindua ruta, akasoma kibandiko cha chini, kisha akageuza sanduku upande wa maandishi madogo ambao hakuna anayeusoma dukani. Pameandikwa 10/100.

Nambari hiyo 94 inafaa kukaririwa. Tundu la kebo lililoandikwa 10/100 halipitishi zaidi ya megabiti 100 kwa sekunde, na si zote ni za kwako: katika kila baiti 1,538 zinazopita wayani, mzigo wako ni 1,460 tu, nyingine ni anwani, vitambulisho na nafasi za kupumulia. Kinachobaki ni 94 na nukta. Intaneti ya hewani hupanda na kushuka, lakini ukipima kwa kebo ukaona 94 isiyotikisika, umegonga tundu la kipimo kilichokubaliwa mwaka 1995. Kinachoniudhi ni kwamba ruta kama hizo bado zinauzwa, na nambari 1200 juu ya sanduku. Redio inadai mamia, na njia pekee ya kuingilia ni ya mia moja.

Mzee alielewa mara moja, kwa lugha ya kazi yake. “Yaani meli imeshusha makontena mia mbili na hamsini, na lango linatoa tisini na nne.”

Wakarudi dukani pamoja, na safari hii msichana ndiye aliyeuliza maswali. Matundu ni 10/100/1000? Yote, au moja tu? Tundu la kuingilia faiba je? Wakachagua ruta ya Wi-Fi 6 yenye matundu yote ya gigabiti. Wakafunga, wakapima kwa kebo.

94.

Mzee akapandwa na hasira za mtu aliyetapeliwa mara mbili. Kampuni ni wezi, muuzaji ni mwizi, na ruta inarudi leo leo kabla ya Magharibi. Wengi huishia hapa: huirudisha ruta nzima, au huandika mahali kwamba ni mbovu. Msichana akamwomba dakika moja. Akachomoa ile kebo fupi inayotoka kwenye kisanduku cha faiba kuingia kwenye ruta, iliyokuwapo tangu ruta ya kwanza, akainua ncha yake kwenye mwanga. Ndani ya plastiki angavu zilionekana nyaya nne. Kasi ya 100 hutumia nyaya nne. Kasi ya 1000 huzitaka zote nane. Zikikosekana, au mmoja ukikatika, vifaa kwa kawaida hukubaliana kimya kimya kushuka hadi 100, taa zinawaka vizuri, na hakuna anayekwambia. Akaweka kebo yenye nyaya nane. Wakapima: 243.

Sebuleni furaha. Juu, bado 18.

Muuzaji alikuwa amependekeza kifaa cha kurudia ishara, kile cha kuchomeka kwenye soketi. Si kibaya kwa kila nyumba, lakini cha bei nafuu hupokea na kutuma kwa redio ile ile, kwa hiyo hugawa kasi karibu nusu. Tena hutangaza upya kile kilichokwisha dhoofika. Msichana akataka kebo. Ikapandishwa ngazini, kona kwa kona, nayo inaruhusiwa kwenda hadi mita 100 bila kupoteza kasi. Kwenye ncha ya juu akaifunga ile ruta ya antena nne, akaiweka ifanye kazi ya kusambaza waifai tu, katika chumba cha binti chenyewe. Tundu lake la 10/100 halikuwa tatizo tena. Darasa la video linahitaji megabiti chache tu, na hapo zilipatikana zaidi ya 80.

Baadaye msichana akamtajia ami yake jambo ambalo lingefaa kusemwa mwanzo: video iliyokuwa ikiganda isingeganda hata kwa kifurushi cha 100, kama kebo ingepanda juu siku ya kwanza. Filamu ya 4K yenyewe haidai zaidi ya 25. Mzee akarudi kwenye kifurushi cha 100 mwezi uliofuata.

Ruta ya gigabiti hakuirudisha, ijapokuwa kwa hesabu ya sasa haina kazi kubwa. Anasema wajukuu wanakua, na vifurushi vitaongezeka kasi. Mimi nadhani ana haki: ruta hukaa ukutani miaka, kifurushi hubadilishwa kwa simu moja. Ile kebo ya nyaya nne aliikata vipande kwa mkasi, asije mtu akaiokota na kuichomeka tena.