Kasoro Ambayo Bei Haifuti

Kila kitu kilichotumika kina kasoro, na kila kasoro ina bei. Imani hiyo ndiyo inayoendesha soko la mitumba, kuanzia raba za Gikomba hadi simu za mkononi. Ukiona doa, unashusha bei. Muuzaji akikubali, mnaachana kwa amani. Mimi naikubali imani hiyo, ila kuna mahali inakwama. Inakwama kwenye trela.

Kwa msomaji wa Nairobi: huku kwetu Kwanza, trela si nyumba ya kwenda nayo likizo. Ni kitanda cha chuma chenye magurudumu, kinavutwa na trekta. Kuanzia Oktoba hubeba mahindi ya Trans Nzoia. Upande wa Bungoma hubeba miwa. Mpya ni ghali, kwa hivyo wengi tunanunua ya mtu.

Msimu mmoja nilimsindikiza mjomba Bungoma kuangalia trela kama hiyo. Rangi ilikuwa inang'aa. Fundi wetu hata hakuitazama. Aliinua gurudumu kwa jeki, akalishika juu na chini, akalitikisa. Likacheza: beringi zimeisha. Tairi moja lilikuwa limelika upande wa ndani tu: ekseli imepinda. Akagonga kwa nyundo ule mkono wa kuunganishia trekta, pale rangi ilipokuwa nene, ikabanduka. Chini yake palikuwa na ufa uliochomelewa ovyo. Taa za nyuma hazikuwepo kabisa.

"Mzee, mbona hukutuambia?" mjomba akauliza.

"Ndugu yangu, si mmekuja na fundi? Macho mnayo."

Jibu hilo lina umri. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma aliandika kuhusu mtu anayeuza nyumba huku akijua ni mbovu. Anasimulia wanafalsafa wawili walivyobishana. Diogenes wa Babiloni alisema muuzaji hakumlazimisha mtu. Mnunuzi ana akili zake. Antipater alisema kunyamaza huku unamwona mwenzako akiingia shimoni ni kumdanganya. Cicero aliegemea upande wa Antipater. Sheria ya Kenya imekaa katikati: Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 16, inampa mnunuzi kinga fulani kuhusu ubora, lakini akishakagua bidhaa, kinga hiyo haigusi kasoro ambazo ukaguzi ulipaswa kuzifichua. Kwa lugha ya soko: ukiangalia, angalia vizuri.

Basi bei ikashuka, tena sana. Kila kitu sasa kilikuwa wazi. Muuzaji hafichi, mnunuzi anajua. Hata Antipater angeridhika.

Mimi sikuridhika, kwa sababu mjadala wote huo una watu wawili tu, na barabara ina wengi. Kuna kijana wa bodaboda anayekuja nyuma yetu saa moja jioni na haoni trela isiyo na taa. Kuna wapakiaji waliokaa juu ya magunia. Kuna mama anayechoma mahindi chini ya mteremko siku ule ufa utakapofunguka. Hao wote wanabeba kasoro tuliyoipigia bei, na hakuna aliyewagawia hata shilingi ya punguzo.

Mjomba alitaka tuondoke nayo jioni hiyo hiyo. Mahindi yalikuwa shambani na mawingu yalikuwa yanakusanyika. Fundi akakataa. "Hii mimi siivuti." Ilibaki pale siku tatu, ikachomelewa upya, ikawekwa beringi, ekseli na taa. Lile punguzo karibu lote likaishia hapo.

Najua mtu ataniambia hayo ni maneno ya mwenye pesa. Mkulima mdogo akingoja trela iliyo sawa, mvua itamnyeshea mahindi, au dalali atayachukua palepale shambani kwa bei ya kutupa. Ni kweli, na si jambo dogo. Hayo mahindi ndiyo karo ya Januari. Lakini umaskini unanipunguzia machaguo tu. Haunipi ruhusa ya kuufanya mwili wa mwenzangu kuwa breki yangu.

Kwa hivyo mimi nagawa kasoro mafungu mawili. Sakafu iliyotoboka, kutu, mlango usiofunga: hasara yake inanirudia mimi, basi tuongee bei. Beringi, ufa, taa, breki: hasara yake inaweza kumfikia mtu ambaye hakuwepo tulipokubaliana. Kwa hizo, punguzo ni pesa ya fundi ambayo muuzaji ameniwekea mkononi. Nikiitia mfukoni na kuingia barabarani hivyo hivyo, muuzaji hana tena la kujibu. Alishaniambia. Wa kuwaambia wengine ni mimi, na barabarani saa moja jioni hakuna nafasi ya maelezo.