Sabato ya Nusu Ekari



Katika Walawi 25 Mungu anawaagiza Waisraeli waipe ardhi sabato yake. Miaka sita wapande na kuvuna, wa saba shamba lipumzike. Kutoka 23 inaongeza kwamba kitakachojiotea mwaka huo ni chakula cha maskini, na watakachosaza ni cha wanyama wa porini. Nilipofundisha andiko hili, mama mmoja mjane aliinua mkono akauliza: “Mchungaji, mimi nina nusu ekari. Nikiilaza mwaka mzima, hawa watoto watakula nini?” Ni swali la haki. Nataka tulibebe wiki hii, kwa sababu Machi inakaribia na majembe yameshatoka.

Babu zetu upande huu wa Kabras walikuwa na nafasi. Kipande kikichoka walikiacha kiote vichaka, wakalima kingine, wakarudi baada ya miaka. Leo shamba la babu limegawanywa kwa wanawe, na la kila mwana kwa wajukuu. Huku kuna miwa, inayokaa shambani mwaka mmoja na nusu kabla ya kukatwa. Kule kuna mpaka wa hifadhi ya msitu. Mahindi yanarudi palepale, msimu baada ya msimu.

Ardhi isiyopumzishwa husema, na lugha yake mojawapo ni kiduha, gugu ambalo majirani zetu Waluo huliita kayongo. Ua lake la zambarau linapendeza macho, lakini ukiliona juu, chini limeshang'ang'ania mizizi ya mahindi na kuinyonya. Mche mmoja humwaga mbegu kwa makumi ya maelfu, nazo huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka kumi zikisubiri mzizi wa kuushika. Hustawi hasa pale udongo ulipokwisha nguvu. Walawi 26 inaonya kwamba watu wakiinyima ardhi sabato zake, itakuja kuzichukua yenyewe, wao wakiwa uhamishoni. Mimi siwezi kusoma sura hiyo bila kuwafikiria vijana wetu waliokwenda Nairobi kutafuta vibarua, na nyuma yao shamba limejaa maua ya zambarau.

Basi tumjibu nini yule mama? Kwanza tuelewane juu ya pumziko lenyewe. Katika nyanda za nafaka za Kanada na Marekani wakulima walikuwa na desturi ya kuacha shamba mwaka mzima bila mmea, wakiligeuza kwa plau mara kwa mara ili magugu yasiote. Waliamini wanalipumzisha. Ukame wa miaka ya 1930 ulipokuja, upepo uliikuta ardhi tupu ukaibeba. Vumbi likafunika nyumba, na watu wengi wakahama. Wajukuu wao wengi leo hupanda bila kulima, mashina ya mavuno yaliyopita yakiachwa yafunike udongo. Ninawaeleza haya kwa sababu msimu huu ukisimama juu ya kilima cha Buyangu unaona moshi wa mabua kila upande. Tunachoma, tunafagia, tunajivunia shamba safi. Kisha mvua kubwa inalikuta tupu. Hapa kwetu hunyesha kama milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo unaoondoka kwetu unaingia mto Isiukhu, unafuata mto Nzoia, unashuka hadi Budalang'i, ambako mafuriko huwafukuza ndugu zetu makwao. Kumpenda jirani kunawahusu na hao walio chini ya mto.

Tazameni msitu wenyewe, huu uliotangazwa kuwa msitu wa kuhifadhiwa tangu 1933. Hakuna aliyewahi kuupelekea mfuko wa mbolea, wala hakuna mahali ndani yake ardhi imeachwa uchi. Majani yanaanguka, yanaoza, yanalisha mizizi ya mti ulioyaangusha. Naamini agizo la sabato linataka hilo hilo: ardhi ni ya Mungu, sisi ni wapangaji, na mpangaji haruhusiwi kuikamua mpaka iishe. Mwenye ekari mia alaze kumi. Mwenye nusu ekari ailishe ardhi huku nayo ikimlisha.

Njia ipo, na imezaliwa karibu. Kule Mbita, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, watafiti wa kituo cha Icipe wakiongozwa na Dakta Zeyaur Khan, pamoja na wenzao wa Rothamsted nchini Uingereza, walianza katika miaka ya 1990 kilimo kinachoitwa vuta-sukuma. Kati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, mmea unaotambaa, wa jamii ya kunde. Kuzunguka shamba unapanda majani ya napia. Harufu ya desmodiamu inamfukuza nondo anayezaa funza watoboao mabua, nayo napia inamvuta atage huko, ambako funza wengi hufa. Mizizi ya desmodiamu huamsha mbegu za kiduha kisha ikazizuia kushika mahindi, zikafa hapo hapo. Wakati huohuo inatia naitrojeni ardhini, inafunika udongo jua lisiuchome, na juu yake ng'ombe anapata majani.

Sitawaficha ugumu wake. Msimu wa kwanza desmodiamu huota polepole, na palizi ni ya mkono, kwa uangalifu, maana ikiwa changa inafanana na gugu. Mbegu yake ni ghali. Asiye na ng'ombe anafaidi nusu, ingawa anaweza kuuza majani kwa mzigo. Wala siwaambii mtupe mbolea ya duka. Tangu serikali iliposhusha bei ya mfuko wa kilo 50 hadi shilingi 2,500 mwaka 2023, wengi wamevuna kwa ajili yake. Lakini mbolea ya DAP ikitumiwa miaka mingi peke yake huuongezea udongo uchachu, na udongo mchachu huhitaji chokaa na samadi. Katika Luka 13, mtini usiozaa ulipohukumiwa kukatwa, mtunza shamba aliomba mwaka mmoja zaidi, auchimbulie na kuutilia samadi. Yesu aliijua kazi hiyo.

Kwa hiyo naomba hivi. Mabua yaliyobaki yasichomwe wiki hii. Yalazwe kati ya mistari au yapelekwe kwenye shimo la mboji. Desmodiamu huota pia kwa vipande vya shina lake, kwa hiyo wenye nayo wakate vipande mvua ikishika, wavilete kanisani Jumapili vikiwa vimefungwa kwenye majani mabichi visinyauke. Vijana wenye nguvu wajiandikishe kwa mzee wa kanisa. Tutaanza na shamba la yule mama, kisha la kila mjane anayetaka, na palizi ya kwanza tutaifanya sisi.